Rapoti Niliyomwandikia Désiré Mukasi

Siku yangu ya kwanza ya uamuzi nilipewa filimbi iliyokwisha kutumika na kibendera cha kitambaa chekundu. Viatu niliambiwa nijitafutie. Mwenyekiti wa tume ya waamuzi wa Bunia, mwalimu aliyevaa koti hata jua likiwa la utosi, alitupanga watu sita pembeni ya uwanja akatupa somo letu la kwanza.

"Arbitre hana ndugu," alisema, akitumia jina la mwamuzi la uwanjani. "Hata kama ni kaka yako njo anashika mupira na mukono, unapiga penalti. Kisha unaenda kula kwake."

Siku hiyo niliinua kibendera mara nne kwa kuotea, na mara tatu nilikosea. Mama mmoja muuza ndizi alinifuata mpaka barabarani akiniuliza kama macho nimeyaacha nyumbani. Nilirudi nikiwa nimeamua kuacha kazi, ila Mwenyekiti alikuja kwangu kesho yake na kuniambia kwamba yeye, mara yake ya kwanza, alipigwa kwa mihogo. Basi nikaendelea, na niliendelea miaka thelathini na kitu.

Vijana mnaochukua filimbi leo, niwaeleze tulivyofanya. Mwamuzi wa kati alibeba daftari dogo na kalamu mbili, moja ya akiba, kwa sababu mvua ya Ituri haina adabu. Kabla ya mechi tulikagua lisansi, yaani kadi ya mchezaji yenye picha yake. Unaita jina, mtu anasogea mbele, na kapiteni wa timu nyingine anamtazama usoni ahakikishe ni yeye. Mchezo ukianza majina yanakwisha. Uwanjani mtu ni nambari yake, na rapoti iliandikwa kwa nambari tu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ninyi wenye jezi za majina mgongoni hamtaliamini. Timu zetu nyingi zilikuwa na jezi kumi na moja, basi. Anayetoka anavua, anayeingia anaivaa hivyo hivyo na jasho la mwenzake. Kwa hiyo nambari moja ilikuwa na watu wawili, na yule wa pili tulimwandika "bis". Saba anatoka, saba bis anaingia. Bila neno hilo dogo, kosa la mmoja linamwangukia mwingine.

Nilitumwa Aru, Mahagi, Mambasa, na mara mbili Epulu kuchezesha wafanyakazi wa hifadhi ya okapi. Huko msitu unafika karibu na kona, na mpira ukipotelea ndani wote mnapata mapumziko. Popote nilipotumwa, rapoti ilipaswa kuwa mezani kwa Katibu wa ligi kesho yake kabla ya saa nne asubuhi. Ikifika saa nne na nusu, Katibu alikuacha umesimama mlangoni mpaka uone haya. Alipenda mhuri wake kuliko alivyopenda mpira, na alichokwisha kukipiga mhuri hakikufunguliwa tena.

Nilimjua Désiré katika kazi hiyo. Alikuwa mtoto wa Shari, mtaa wa Bunia, nambari saba, winga wa kulia, na watu walimwita Mukasi kwa jinsi alivyokata katikati ya mabeki wawili. Akigusa mpira, hata wauza karanga waliacha kuuza. Lakini mimi nilimpenda kwa jambo jingine. Siku moja nimewapa kona, akanijia polepole akasema, "Arbitre, ile si kona yetu. Mupira uligusa mguu yangu." Katika miaka yangu yote nililisikia neno hilo kwa mtu mmoja tu. Mwamuzi haruhusiwi kupenda mchezaji, kwa hiyo nilimfokea kuliko wengine ili pasiwe na wa kunishuku. Nadhani yeye alijua.

Mechi iliyoharibu mambo ilichezwa Mongbwalu, kwenye mvua. Kipindi cha pili Désiré alivuta msuli wa paja akatoka, akampa jezi Faustin, kijana mwenye nguvu na hasira za karibu. Niliandika vizuri daftarini kwamba saba bis ameingia. Zilipobaki kama dakika kumi, mshika kibendera wangu alikataa goli la Bunia, timu ya Désiré. Wakaingia wote, waliokuwa wanacheza na waliokuwa benchi, na Désiré mwenyewe akachechemea ndani kuamua ugomvi. Matope yalikuwa yamefunika kila uso. Niliona mgongo wenye nambari saba, nikaona ngumi, na mshika kibendera akaanguka akitoka damu mdomoni. Nilimaliza mechi hapo hapo.

Rapoti niliiandika juu ya goti, ndani ya lori la kurudi. "Nambari saba alimpiga mshika kibendera ngumi." Bis nililisahau. Katibu alifungua orodha ya wachezaji, akatafuta saba, akakuta jina la Désiré. Mwaka mmoja bila kucheza. Bunia haikuwa imeiona mechi ile. Bunia ilisoma tangazo kwenye mlango wa ligi, ikaamini.

Désiré alikuja kwangu Rwambuzi jioni ya siku iliyofuata tangazo. Alikataa kiti.

"Arbitre, uliandika saba."

"Saba njo niliona."

"Saba gani?"

Nilichukua daftari. Nilipoona "saba bis" kwa maandishi yangu mwenyewe, nilimwambia kesho asubuhi nitakwenda kwa Katibu.

"Hapana," alisema. "Faustin walishaka kumupa onyo mbili. Hii ya tatu watamufunga maisha, hatacheza tena. Na ule ni kaka ya Furaha." Furaha ndiye msichana aliyetaka kumuoa. "Miye, mwaka moja itapita."

"Na watu wa Kisangani?" niliuliza, maana timu kubwa ya huko ilikuwa imemwita kwa majaribio mwezi uliofuata.

Alitazama viatu vyake. "Na yenyewe itapita. Uniahidi hautamutaja Faustin kwa mutu."

Niliahidi. Niliahidi upesi mno, na upesi ule ndio unaoniuma mpaka leo, kwa sababu sikuwa namhurumia Faustin. Jina langu lilikuwa mezani kwa Katibu nipandishwe kuwa mwamuzi wa jimbo, na aliyekosea rapoti hapandishwi. Désiré alinipa mlango wa kutokea, nikatoka bila hata kugeuka nyuma. Miezi miwili baadaye nilipanda.

Kisangani hawakumwita tena. Baba yake Furaha alisema hatoi binti kwa mtu wa ngumi, na aliwazungusha miaka mitatu kabla ya kukubali harusi. Mashabiki wa timu nyingine walimwita "Bokseri", naye alicheka. Alirudi kucheza, akawa kapiteni, halafu kocha. Familia za Djugu zilipokimbia vita na kuja kukaa kwenye mahema, alikwenda huko kila Jumamosi na mpira mmoja, akaunda timu nne. Wanawake wa mahemani walikuwa wanamletea mahindi ya kuchoma, wao ambao hawakuwa na kitu.

Mimi nilistaafu nilipoanza kufika kwenye kona baada ya mpira kuondoka. Watu wanadhani mwamuzi mzee anakumbuka makelele. Makelele niliyasahau zamani. Ninachokumbuka ni makaratasi, na moja zaidi ya yote. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ila hawakusema kitu juu ya kalamu.

Mwaka huu tension, yaani shinikizo la damu, ilimwondoa Désiré. Matanga yalikuwa kwake Shari, na watu walijaa mpaka barabarani, wengi wao wametembea kwa miguu kutoka mahemani. Faustin, sasa ana mvi, ndiye aliyekuwa akipanga viti. Mjumbe wa ligi, kijana mwenye suti, alisoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alifunga magoli gani. Halafu akasoma, "licha ya adhabu ya mwaka mmoja kwa kumpiga mwamuzi, alijirekebisha." Watu wakaitikia kwa kutikisa kichwa, wamemsamehe. Walimsamehe marehemu kosa ambalo si lake, na mimi nimekaa mstari wa pili.

Nilisimama. Nilisema, "Ule siku Désiré alishatoka ku terrain. Hakupiga mutu. Miye niliandikaka vibaya, nikajua niliandikaka vibaya, nikanyamaza juu nilikuwa natafuta grade."

Sauti ya nyuma ikauliza, "Sasa nani alipiga?"

"Hiyo sitasema. Nilimuahidi."

Niliona Faustin ameshika kiti cha plastiki kwa mikono miwili. Alikiweka chini taratibu, akakisawazisha kana kwamba kuna mtu atakaa.

"Ni miye," alisema. "Ni miye nilipigaka ule mutu."

Mjane wa Désiré, Mama Furaha, alikuwa amekaa chini, kando ya jeneza, pamoja na wanawake. Baba yake alimzungusha mwanaume huyu miaka mitatu kwa ajili ya ile ngumi, na yeye mwenyewe, nilikuja kuambiwa, alimfanya aape siku ya harusi kwamba hatapiga mtu tena. Désiré aliapa. Sasa Mama Furaha alimwangalia kaka yake, akaniangalia na mimi. Hakupandisha sauti.

"Muzee," alisema, "mulikuwa wawili munajua. Miye nililala na yeye kitanda moja miaka yote, nikimuombea kwa Mungu amusamehe."

Akageuka, akaweka mkono juu ya jeneza, akaanza kumwomba mume wake msamaha.