Kompyuta Iliyompunguza Bibi Harusi

Mimi na mke wangu tunahariri video za harusi chumbani kwetu Kangemi. Kompyuta yetu ilipokufa, tulishindwa kukubaliana tununue ipi. Mimi nilitaka Mac, kwa sababu ya rangi za skrini yake. Yeye alitaka Windows, ambayo fundi yeyote wa mtaani anaweza kuifungua. Tukaazima zote mbili, tukahariri harusi ile ile, mimi kwenye Mac na yeye kwenye Windows, kisha tukamwita bibi harusi mwenyewe aamue.

Alitazama yangu hadi mwisho, akaomba ya pili. Alipotazama ya mke wangu, alipiga makofi.

"Hii! Hii ndiyo kompyuta, dada!"

"Umependa rangi?" mke wangu akamuuliza, huku akinitazama mimi.

"Rangi gani? Angalia kiuno changu!"

Nikaisogelea skrini. Mke wangu alikuwa amekosea vipimo, na picha nzima ilikuwa imevutwa kwenda juu. Bwana harusi alifanana na mlingoti, na hata keki ilikuwa imekonda. Nilipofungua mdomo nieleze, mke wangu alinikanyaga mguu.

Tulinunua Windows. Baadaye bibi harusi alituletea dada zake wawili waliokaribia kuolewa, na wote walisisitiza tutumie kompyuta ile ile.