Nusu Saa ya Mbwemkuru

Mama mkata tiketi wa stendi ya Ruangwa amefariki dunia. Amezikwa kwao Ruponda, Ijumaa iliyopita, na habari imenifikia kwa simu ya dereva mmoja mstaafu wakati matanga yameshaanuliwa. Nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa, nikimwona waziwazi na kalamu yake aliyopenda kuichomeka kwenye ushungi. Nilikuwa mwalimu huko, mgeni kutoka mkoa mwingine, na kila likizo yeye ndiye aliyenitafutia siti kwenye basi la kutoka Nachingwea kwenda Dar es Salaam.

Masika moja maji yalikata barabara upande wa Mbwemkuru, na mabasi yakasitisha safari. Mama yangu alikuwa afanyiwe upasuaji Dar es Salaam jioni ya siku hiyohiyo, na alitaka anione kabla ya kuingia. Nilipomweleza, mkata tiketi alimpigia mwenzake wa kampuni pinzani, mtu ambaye alikuwa hasalimiani naye, wakakubaliana kufaulisha: basi letu liishie upande huu, lao liishie upande ule, abiria tuvuke kwa miguu na kubadilishana mabasi. Akapanda na sisi kutusindikiza.

Siku ile naikumbuka kama ndoto. Ukungu ulikuwa umetanda, na mistari miwili ya watu wenye mizigo kichwani ilipishana juu ya magogo, wasiojuana wakipeana pole. Nilikalia siti iliyokuwa bado na joto la mtu aliyekuwa akielekea nilikotoka. Lakini hatukuondoka. Mzee mmoja wa Mtua, miguu imemchoka, alikuwa bado anavuka taratibu, na mama yule alisimama mlangoni akimzuia dereva.

"Mama, tuondoke! Mgonjwa wangu ananisubiri!" nilifoka mbele za watu.

"Vumilia, mwalimu. Huyu mzee naye ana anakokwenda."

Ilikuwa nusu saa nzima. Nilifika hospitali mama yangu ameingizwa dakika chache tu kabla, na hakutoka hai.

Nilimwekea kinyongo miaka mingi. Kila aliponiona stendini aliniuliza, "Mwalimu, mama hajambo?" Nami, ili maongezi yaishe, nilijibu, "Hajambo." Uso wake ulikunjuka. "Alhamdulillahi. Siku ile tuliwahi."

Nimechelewa mno kuelewa. Barabara ikikatika, safari hubebwa na watu wanaokubali kupigiana simu na mahasimu wao, na mmoja anayekubali kutukanwa ili asiachwe mtu. Mtu kama huyo hawezi kumwahisha kila mmoja wetu. Bila yeye nisingetoka Ruangwa kabisa, na mzee yule angebaki kwenye tope. Mara nyingi nilipanga kumwambia ukweli, ili umchome kama ulivyonichoma mimi. Namshukuru Mungu sikumwambia. Amekwenda akiamini kwamba mama yangu aliniona.