Kwaya Yetu Kwenye Albamu ya Torsten

Roswitha Kempf aliongoza kwaya ya kanisa letu hapa mjini Güstrow, Ujerumani, nami niliimba sauti ya pili. Hakuwa mtu wa mchezo. Ukichelewa mazoezi, utaimba umesimama mlangoni. Kwa hiyo tulishangaa alipokubali kumsaidia Torsten Wieck, mpiga gitaa wa bendi moja ya makelele na moto jukwaani, kisa tu alimfundisha kuimba utotoni.

"Hamna maneno, Mwalimu," Torsten alimwambia. "Mnavumisha tu, midomo imefungwa, kama mnabembeleza mtoto."

Tukavumisha, akaturekodi, tukanywa kahawa, tukarudi nyumbani tunacheka.

Albamu ilipotoka, serikali ilikataza isiuzwe kwa watoto wala isionekane dukani. Magazeti yaliulaani wimbo mmoja hasa. Tukausikiliza jikoni kwa Roswitha. Zilianza sauti zetu, tamu kabisa. Kisha ikaingia sauti nzito ya mwanamume, akisimulia kwa raha anavyompiga mkewe kwenye stoo ya chini ya nyumba, halafu anapanda kumwimbia mtoto alale.

"Zima takataka hiyo!" Hilde, mwimbaji mwenzetu, akapiga kelele.

Roswitha hakuzima.

Kesho yake alimwita Torsten, nami nikiwepo. Hata kiti hakumpa.

"Umetupaka kinyesi mbele ya nchi nzima."

"Najua umekasirika, Mwalimu."

"Nimekasirika? Kwa sauti hizi tunawazika watu! Ni akili gani inayotunga uchafu kama ule?"

"Sikutunga. Yule mtu wa kwenye wimbo ni baba."

Jürgen Wieck? Aliyeimba besi nyuma yangu miaka yote, aliyebeba jeneza la mume wangu? Alipokufa yeye, kwaya nzima ilishindwa kumaliza wimbo kwa kilio.

"Alikuwa ananivumishia mlangoni," Torsten akasema, "na mama yuko kule chini. Nyinyi mkaambiwa ameanguka ngazi. Mkamletea supu."

Kweli tulimpelekea supu. Roswitha hata alimtania, "Irmgard, nunua viatu vyenye macho!"

Siku hiyohiyo tukaenda kwa Irmgard. Alifungua mlango, akatutazama nyuso.

"Mmeusikia," akasema. "Ingieni. Mimi naupiga kwa sauti ya juu mpaka majirani wanagonga ukuta."

Roswitha alifungua mdomo kuomba radhi. Akalia tu, amesimama na koti lake, na Irmgard ndiye aliyemvuta akakaa.

Mchungaji alitaka tuishitaki bendi ili sauti zetu zitolewe. Roswitha akakataa katakata. "Zibaki. Na anayeona aibu, mlango ule pale." Hilde akaondoka na wenzake watatu, na mpaka leo hatusalimiani sokoni.

Majira ya kuchipua, baridi ilipoisha, Irmgard alijiunga na kwaya. Anasimama kando yangu, anaimba kwa nguvu kuliko sisi sote. Mimi nashika kitabu cha nyimbo, namsikiliza, na bado sijamwomba radhi kwa ile supu.