Nyuzi za Kijani Juu ya Boneti

"Shangazi, kama gari linachemka, kwa nini usilitoboe hapa katikati lipumue?"

Binti wa kaka yake aliuliza hivyo akiwa na miaka minane, kidole chake kikiwa juu ya boneti, vumbi la msasa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Shangazi aliacha nyundo hewani. Mpiga Rangi, mzee wa kona ya pili ya gereji, alicheka mpaka akaweka chini bomba lake la rangi.

"Miaka mitatu tunakuna vichwa hapa," akasema, "kumbe mhandisi wetu yuko darasa la pili."

"Kanywe chai, mwanangu," Shangazi akasema. Jibu la siku ile likawa hilo.

Shangazi ni fundi bodi. Gari likigongwa, wengine hutazama lilipobonyea. Yeye hufumba macho akalipapasa, maana vidole vyake huona bonde ambalo jicho limelipita. Wateja wageni humuuliza fundi yuko wapi. Naye huwaelekeza kwa upole wapite mpaka mwisho wa gereji, wazunguke nyuma ya matairi, kisha anawapokea pale pale walipoanzia.

Lakini gari lile lililokuwa likichemka, lililokaa nyuma kabisa chini ya turubai, halikuwa la mteja. Lilikuwa gari la mbio la milango miwili, la zamani kuliko yeye mwenyewe, pua ndefu imeinama kama mtu anayenusa njia. Mumewe alilinunua kama chuma chakavu, tena bila boneti, akaamua kuifua mwenyewe: bati moja bapa, mfuko wa mchanga, nyundo ya mbao, miezi miwili. Jua likiwa upande, ukiinama kidogo, uliziona alama za nyundo zikifuatana kama nyayo za mtu asiye na haraka.

Kisha akapata kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha meli. Asubuhi ya kuondoka aliipiga boneti kofi moja dogo.

"Rekebisha chochote, mke wangu. Boneti niachie. Nikirudi tutaliendesha mpaka lami inapoishia, bila kusimama hata mara moja."

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Wa pili, mara moja kwa mwezi. Wa nne namba ikawa haipatikani, na hakuna aliyejua kama ameibadilisha au kuna jambo limempata. Shangazi hakulia mbele ya watu wala hakumsema vibaya. Alirekebisha gari.

Alirekebisha kila kitu isipokuwa boneti. Aliweka rejeta kubwa zaidi ya kupozea maji ya injini, akaongeza feni, akapanua mdomo wa mbele, akaziba kila upenyo wa pembeni ili upepo usipate njia ya mkato, akafunga bati jembamba chini ya pua hewa isikimbilie uvunguni. Kila mara gari lilikwenda vizuri kuliko jana. Na kila mara, likishakimbizwa dakika ishirini, mshale wa joto ulianza kupanda, naye akaegesha kwenye lile lile jiwe la kando ya barabara, akisikiliza maji yanavyotokota. Hewa ilikuwa inaingia vizuri tu. Ila haikuwa na pa kutokea.

Mwaka huu akapata wazo. Kati ya boneti na kioo cha mbele kuna ukanda wa bati, upana wa kiganja. Ule si boneti, akajiambia. Akautoboa tundu refu, safi, la kupitisha joto nje, akalitia gari barabarani.

Likachemka dakika ya kumi na mbili.

"Hongera," Mpiga Rangi akasema. "Sasa linachemka haraka."

"Nyamaza wewe."

Jumamosi ile binti, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, alileta sweta lake la shule lililomkaba kwapani, maana Shangazi alikuwa amemwomba sufu yoyote. Wakalifumua, wakakata nyuzi za urefu wa kidole, wakazibandika kwa gundi ya karatasi, mstari baada ya mstari, kuanzia puani mpaka kwenye kioo, ili zionyeshe upepo unakopita.

"Gari limeota manyoya," Mpiga Rangi akasema. "Mimi nitapita nalo wapi, na heshima zangu?"

Akapita nalo hivyo hivyo. Shangazi aliendesha gari la mbio, Mpiga Rangi akaenda naye sambamba na pikapu kwenye barabara tupu, binti amejipachika dirishani anazipiga nyuzi video kwa simu. Waliporudi wakaitazama watatu, vichwa vimegusana.

Puani nyuzi zililala kwa adabu, zimeelekea nyuma. Karibu na kioo zilijipinda, zikatumbukia ndani ya tundu jipya kama wageni waliosikia harufu ya chakula. Basi ilikuwa hivyo: hewa ikigonga kioo inasongamana pale, inasukumwa ndani. Tundu la kutolea joto lilikuwa linazidi kuingiza hewa. Lakini katikati ya boneti, nyuma tu ya rejeta, nyuzi zilisimama wima, zikivutwa juu, zikitetemeka.

"Hapo," Mpiga Rangi akasema. "Hapo ukitoboa, upepo wenyewe utalinyonya joto."

Shangazi alipakumbuka vizuri. Ndipo kilipokaa kidole cha mtoto wa miaka minane.

Akachora kwa chaki. Mstari ukapita juu ya nyayo za nyundo, zile zilizopangika vizuri kuliko zote. Akakaa juu ya tairi, grainda ya kukatia bati mapajani, waya haujachomekwa.

"Shemeji," Mpiga Rangi akasema, safari hii bila utani, "huyo bwana akirudi, unataka akute boneti au akute gari?"

"Aliniambia nimwachie."

"Umemwachia miaka kumi na mmoja. Sijaona mtu aliyeachiwa kitu namna hiyo."

Alikaa mpaka chai ikapoa. Kisha akachomeka waya mwenyewe. Alikata matundu marefu manne, akakunja kingo zake kuelekea nyuma, akazipiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama. Vipande vilivyotoka hakuvitupa kwenye chuma chakavu. Alivitia mfukoni mwa ovaroli.

Jumapili wakatoka wawili. Walipofika kwenye jiwe, mguu wa Shangazi uliachia mafuta wenyewe, kwa mazoea.

"Mshale uko nusu, Shangazi," binti akasema.

Akakanyaga. Jiwe likabaki nyuma. Mshale haukupanda dakika ya thelathini, wala ya hamsini, wala pale lami ilipokatika ghafla mbele ya chungu ya kokoto na kibao kilichopauka maandishi. Hapakuwa na kingine cha kuona. Shangazi akazima injini. Joto lilitoka kwenye yale matundu manne, likaifanya njia ya vumbi iliyokuwa mbele yao icheze-cheze.

"Uliwahi kuniuliza kwa nini sitoboi," akasema.

"Nilikuwa mtoto, Shangazi."

"Ulikuwa umepatia. Na mimi nilijua umepatia." Mkono wake ulikuwa mfukoni, unavigeuza vile vipande vya bati. "Nilitaka akirudi akute kuna kazi imebaki."