Jina Lisilotajwa Uwanjani

Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina. Nilifundishwa hivyo hata kabla sijaweza kubeba mtungi wa maji, na mpaka leo, mwenyewe akiwa kaburini miaka mingi, jina lake likinifika mdomoni nalimeza. Wenye watoto wana njia yao: humwita mume baba wa fulani, mambo yakaisha. Lakini wakati ule ninaousimulia, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na nusu na sikuwa na mtoto. Kwa hiyo mume wangu nilimwita "wewe," naye akaitika.

Tulikaa Nakuru kwenye landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, chumba kimoja cha mawe chenye dirisha dogo. Yeye alifanya kazi katika karakana ya injini, na alirudi nyumbani akinuka mafuta mpaka kwenye nywele. Siku za kazi alikuwa mtu wa kawaida tu, mpole, mwenye kula polepole. Ikifika Jumamosi alivaa jezi ya timu ya karakana, akafunga bendeji nyayoni kwa sababu viatu vya mpira hakuwa navyo, akaenda kucheza winga ya kushoto. Huko uwanjani alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mimi pia nilikuwa mtu mwingine. Sasa nimezeeka na sina wa kumwonea haya, kwa hiyo nasema wazi: nilipenda mpira kuliko kitu chochote ambacho mji ule ulinipa. Nilipenda kila kitu cha Jumamosi. Nilipenda mahindi ya kuchoma ya yule mama aliyekaa karibu na kona ya uwanja, aliyeyasugua kwa limau, chumvi na pilipili mpaka midomo ikawaka moto. Nilipenda hata vumbi jeupe la Nakuru, ambalo siku nyingine nililitukana nikilifagia nyumbani mara tatu kwa siku. Lakini zaidi ya yote nilipenda kukimbia. Winga hukimbia kando ya mstari wa chokaa, nami nilikimbia naye upande wa nje wa chokaa, leso nimeifunga kiunoni, viatu mkononi, kwenda na kurudi mpaka kipenga cha mwisho. Wanaume walicheka. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mke wa fundi wa njia ya reli, aliniambia, "Wewe, iko siku refa atakupigia filimbi."

"Apige," nikamwambia. "Bora asinitoe."

Shida yangu ilikuwa mdomo. Sauti nilipewa kubwa, ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Sasa fikiria: mume wangu anapata mpira, uwanja mzima unaliita jina lake, na mimi peke yangu, mkewe, nimefumba mdomo kana kwamba simjui. Nilivumilia mechi mbili. Ya tatu akampita beki, akampita na wa pili, jina likanipanda kooni, nikalizuia, na mahali pake yakatoka maneno ambayo sikuyapanga: "Aliyekuzaa hakukosea!"

Watu waligeuka kunitazama, wakacheka sana. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Jumamosi iliyofuata wale vijana wa karakana walikuwa wamekwisha kuyagawana maneno yangu. Wa upande wa goli la juu walipiga kelele "Aliyekuzaa!" na wa upande wa chini wakajibu "Hakukosea!" Baada ya hapo, isipokuwa jirani yangu, hakuna aliyekumbuka kwamba yalianzia kwangu, nami sikujali, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupigia kelele.

Aliyemzaa hakuyajua hayo. Mama mkwe wangu alikuwa Kabazi, upande wa Subukia, kwenye shamba la mzungu, akichuma maua ya pareto. Alikuwa mjane, na mume wangu ndiye mtoto aliyekuwa naye. Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, hutoki shambani bila barua ya ruhusa, kwa hiyo nilikuwa nimeonana naye mara mbili tu. Nilimwogopa. Hakuwa mgomvi. Alikuwa mtu wa maneno machache anayekutazama mikono unapofanya kazi.

Basi siku moja alituma ujumbe kwa dereva wa lori la maziwa: angefika Jumapili, alale usiku mmoja, aone mambo. Mambo yenyewe niliyajua bila kuelezwa. Kule Kabazi alikuwa akilima peke yake kipande alichopewa na mzungu, na huku mjini mke wa mwanawe amekaa mwaka na nusu bila mimba, anakula mahindi ya kuchoma. Mke wa namna hiyo hurudishwa shambani. Mwenzetu mmoja wa landi alichukuliwa hivyo hivyo, na tangu hapo mumewe akawa anamwona Krismasi kwa Krismasi. Mume wangu aliniambia nisiwe na wasiwasi, angezungumza na mama yake. Nilimjua vizuri. Akiwa na mpira miguuni hakuogopa beki wa ukubwa wowote, lakini mbele ya mama yake alitazama sakafu.

Jumamosi, siku moja kabla ya ugeni huo, ilikuwa fainali ya kikombe kati ya timu yetu na timu ya Naivasha. Nilijipanga kwa akili zangu zote. Asubuhi nilifagia, nikaosha sakafu, nikachambua maharagwe, nikamfunga kuku kwenye mguu wa kitanda. Kila kitu kilikuwa tayari kwa Jumapili. Alasiri nikafunga mlango kwa kufuli nikaenda zangu.

Watu wa Naivasha walikuja na treni, mashabiki wao wengine wamebeba samaki wa kuuza, na kwa muda mrefu walituuzia samaki na mpira pia. Walitangulia kutufunga. Tukasawazisha kwa kona. Kisha pakawa hapana anayemfunga mwenzake, jua linashuka, mimi miguu imeisha kwa kukimbia. Zikiwa zimebaki dakika chache mume wangu akapokea mpira karibu kabisa na mahali niliposimama. Aliniona. Sitasema alinikonyeza, lakini aliniona. Akaondoka na mpira, nami nikaondoka naye, uwanja mzima ukipiga "Aliyekuzaa!" na kujibu "Hakukosea!" mpaka mabati ya maduka yakaitika, na alipopiga goli nilikuwa katikati ya neno. Sauti ikakatika hapo hapo. Niliendelea kufungua mdomo lakini hakikutoka kitu. Nikaruka ruka tu.

Wachezaji walibaki kupokea kikombe. Mimi nikashika njia ya nyumbani na hindi langu mkononi, nimefurahi kupita kiasi, nikiwaza maji ya moto ya kumwoshea bingwa miguu.

Mlangoni kwangu alikuwa amekaa mama mkwe.

Mzungu wake alikuwa amebadilisha siku ya lori, na barua ya ruhusa ikaandikwa kufuata lori. Jirani alimkopesha kigoda na kumpa chai. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: mlango una kufuli, jikoni hakuna moto, na mwenye nyumba anatokea barabarani leso kiunoni, viatu mkononi, vumbi mpaka kwenye kope, anatafuna. Nilipiga magoti kumsalimu kama inavyopasa. Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa.

"Umekuwa bubu?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Ulikuwa wapi?"

Nikanyoosha mkono kuonyesha uwanja. Ulikuwa mkono wenye hindi.

Akalitazama hindi, kisha mikono yangu. Afadhali angenigombeza. Mume wangu alifika na wenzake wakiimba, kikombe kikipokezanwa hewani, akamwona mama yake, na wimbo ukamfia mdomoni. Aliwaaga wenzake, akaingia, akatazama sakafu. Nikawasha moto, tukala. Kwa kuwa kwetu mama na mwana aliyeoa hawalali chumba kimoja, yeye alikwenda kulala kwa rafiki, na asubuhi akapitiliza kazini, kwani zamu ya Jumapili ilikuwa yake. Nikaachwa na mama mkwe peke yangu, bila sauti ya kujitetea.

Tulikwenda kanisani, nikaimba kwa midomo tu. Tukarudi, nikamchinja kuku, nikapika kwa moyo wote, kwa sababu mikono angalau haikuwa imepoteza sauti. Kuku alikuwa mzuri. Ninajua kupika, na siku ile nilipika kuliko siku zote. Alikula, akasafisha mifupa, akanywa maji. Kisha akasema:

"Leta ile sanduku yako ya nguo."

Nililivuta kutoka chini ya kitanda. Machozi yalianza kabla halijafika katikati ya chumba. Nilikuwa na magauni matatu, blanketi, sweta, kioo, na nguo moja ya mtoto niliyoifuma mwaka wa kwanza na kuificha chini kabisa. Aliiona hiyo nguo. Aliiinua, akaigeuza, akairudisha palepale chini.

"Nilikuja kuchukua hii sanduku," akasema. "Hii, na wewe mwenyewe. Hata dereva nilikuwa nimemwambia atuwekee nafasi ya watu wawili."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Jana nikiwa hapo nje nikasikia kelele. Mimi nikafikiri ni askari, ni vita. Nikashika kikapu yangu nikimbie. Huyu mama jirani akaniambia, keti, ni mpira. Nikamwuliza, na hiyo maneno wanasema ni gani? Akaniambia. Nikamwuliza, ni nani anaambiwa hivyo? Akaniambia ni mtoto yangu."

Alikuwa akitazama mikono yake, na vidole vilikuwa vya mtu wa pareto, vimekauka kwenye ncha.

"Nilizaa sita," akasema. "Watano nikazika. Kila nikizika, watu wa bwana yangu wanasema nimekosea. Nilikosea chakula, nilikosea njia ya kupita, nilikosea mkono wa kubebea. Bwana yangu amekufa akisema hivyo hivyo. Sasa jana nimekaa kwa kigoda ya mtu, mji mzima, watu hawanijui hata sura, wanasema sikukosea. Wakarudia. Wakarudia tena."

Kulia nilikuwa nimekwisha kuanza, kwa hiyo sikubadilisha kitu.

"Jirani anasema ni wewe ulianza. Kweli?"

Nikaitikia.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipopata mtihani. Mtu mwenye akili angesema nilikuwa nikimfikiria yeye, nikimheshimu, nikimwombea. Jibu tamu lilikuwa pale pale, la bure. Lakini sikuwa nimemfikiria hata siku moja, na nilimwona jinsi alivyokuwa akisubiri, nikaona aibu kumdanganya mwanamke aliyezika watoto watano. Nikasogea karibu na sikio lake, nikamnong'oneza kwa ile hewa iliyobaki:

"Sikuweza kutaja jina lake, Mama."

Alinitazama. Kwanza sikuelewa uso wake ulikuwa unafanya nini. Kisha akacheka. Alicheka akashika mbavu, akajifuta macho kwa leso, akacheka tena mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nami nikacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, nikaketi chini sakafuni nikavuta pumzi ndefu. Sijawahi kupumua vile tena maishani mwangu, na nimepumua sana.

Alipotulia alifunga sanduku, akalisukuma kwa mguu mpaka likaingia chini ya kitanda.

"Kaa na bwana yako," akasema. "Shamba hiyo nimelima peke yangu miaka yote, haijanimaliza." Kisha akasema kwa sauti ya chini, huku akikusanya sahani, "Na mtoto akija, amekuja. Asipokuja, mimi sitakuambia umekosea. Mtu mwingine akikuambia, mwambie aje kwangu."

Niliinuka kumpokonya zile sahani, maana mama mkwe haoshi vyombo nyumbani kwa mke wa mwanawe, hilo halijawahi kuonekana. Alinisukuma bega, si kwa nguvu, nikaketi kitandani. "Wewe umekimbia jana siku mzima," akasema. "Lala."

Nikalala. Saa nane ya mchana, na viatu miguuni, mama mkwe wangu akinioshea vyombo hapo nje kwenye bomba mbele ya landi nzima.