Kibonde cha Mwalimu

Jumamosi nilikaa nyuma kwenye darasa la Kiingereza, katika chumba cha chini cha kanisa moja la mtaa wa Saint-Gilles, huku ughaibuni. Mwalimu, mzee Mwingereza ambaye Kiswahili alikiokota Kenya, alitundika picha ya kibonde kilichojikunja ubavuni mwa kilima. Akaandika ubaoni "combe". Akatamba kwamba ni neno la kale la kwao, na sisi wengine hatuna mfano wake.

Maman mmoja wa Kivu, anayeotesha lengalenga, mchicha wa kwao, kwenye ndoo katika roshani ya ghorofa ya nne, akainua kidole.

"Papa, mule maji iko?"

"Yapo, mama. Kijito kizima."

"Na udongo iko nyeusi?"

"Mweusi tititi."

"Na nani analima mule?"

Mwalimu akakuna kidevu. "Hakuna. Watu huenda kutazama tu."

Maman akapiga kofi moja, akatugeukia. "Banaangalia tu!" Kisha akamrudia mwalimu. "Bon. Alors, utuandikie adresse, mule iko wapi."

Darasa zima likaangua kicheko, hata mwalimu. Maman hakucheka, alikuwa ameshafungua daftari, anangoja. Mimi msomi nilikuwa nimenakili neno tu, kwa mwandiko mzuri sana.