Mutunga na Injini Isiyochoka

Kabla ya mwaka wa 1998, Mutunga alipumzika kila ndege ilipoharibika, na ndege yenyewe haikukawia kuharibika.

Alikuwa rubani wa Gakuru, mfanyabiashara aliyenunua mashamba ya Kitengela wakati bado ni mbuga tupu, akayakatakata ploti na kuyauza. Gakuru hakujua kurusha chochote, lakini alipenda ndege jinsi wenzake walivyopenda ng'ombe wa gredi. Alikuwa na moja tu, ya viti sita, yenye injini ya pistoni, iliyolala Uwanja wa Wilson na kubeba yeyote aliyelipa: daktari wa mifugo, wapima ardhi, watalii wawili watatu wa kwenda Amboseli. Ilikunywa petroli yake maalum, iliyoletwa kutoka ng'ambo, na kila meli ikichelewa bei ilipaa. Leo silinda imepasuka, kesho plagi zimeziba. Fundi Ouma angeifungua injini, aitandaze mezani kama matumbo ya mbuzi, kisha amwambie Mutunga arudi Jumatatu.

Mutunga alirudi zake Kitengela. Alimwagilia miche ya ua pamoja na mkewe Phylis, akamsaidia binti yao Mwelu hesabu za shule. Mshahara haukuwa wa kujivunia, na nyumba yao ilikaa miaka mingi bila dari. Lakini alilala.

Kisha, mwaka huo wa 1998, Gakuru akamwita ofisini, macho yakimng'aa.

"Kapteni, nimechoka na hii biashara ya spana," alisema. "Nanunua ya tabaini."

Mutunga alikuwa amezisikia sifa zake. Injini ya tabaini haina pistoni za kugongana. Inazunguka tu kama feni. Inaenda miaka kabla ya kufunguliwa. Inachoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, yale ya ndege kubwa, ambayo yanapatikana kila mahali kwa bei nafuu. Na ndege yenyewe inabeba abiria mara mbili ya ile ya zamani.

"Na bei yake, bosi?"

Gakuru alicheka, kicheko cha mtu ambaye ameshatia sahihi. "Injini peke yake ingenunua ile yetu ya zamani, na ya jirani pia. Lakini benki imekubali."

Mwaka wa kwanza Mutunga aliona raha. Alienda kozi, akaongezewa mshahara, akaweka dari. Ndege ilipaa na mizigo ambayo ile ya zamani ingeikataa hata kabla ya kuwashwa. Ouma aliikagua, akapangusa mikono iliyokuwa haina grisi, akasema hana la kufanya.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Ndege isiyoharibika haina Jumatatu ya kungojewa. Asubuhi Mutunga aliwapeleka watalii Amboseli, adhuhuri akawatoa wengine Mara, alasiri akabeba dawa hadi Lokichoggio, akalala huko kwenye kitanda cha hema, na kulipokucha akageuza. Kulikuwa na sheria ya saa za rubani, lakini Gakuru alikuwa hodari wa kuipinda: safari hii ni ya majaribio, hii ni ya kuhamisha ndege tu, hiyo haihesabiki. Mwelu aliingia sekondari na Mutunga akajua kwa simu. Alianza kusahau vitu vidogo: jina la jirani, siku ya wiki, kama amekula.

"Baba Mwelu, wewe uko hapa lakini hauko," Phylis alimwambia jioni moja, Mutunga alipokuwa ameshika kikombe cha chai hadi kikapoa.

"Niko na deni ya usingizi," akajibu. "Nitailipa Krismasi."

Krismasi ndiyo iliyokuwa na watalii wengi zaidi.

Siku moja mwaka wa 2001 alikuwa akitoka Amboseli kurudi Wilson. Viti vya nyuma vilijaa wageni waliochoka kwa jua, na kando yake mbele aliketi Naliaka, muuguzi wa zahanati moja huko Entarara, aliyekuwa akienda Nairobi kuchukua chanjo. Anga ilikuwa safi, injini ikivuma sauti ile ile moja, laini, isiyopanda wala kushuka. Ile ya pistoni ingekohoa na kumshtua. Hii ilimbembeleza.

Alihisi mkono begani.

"Kapteni," Naliaka alisema kwa sauti ya chini, wageni wasisikie. "Umelala?"

Mutunga akafungua macho. Bawa la kushoto lilikuwa limeinama, na ardhi ilikuwa karibu kuliko inavyopasa. Aliona mabati ya soko la Kisaju, akaona barabara ya Namanga ikiwa upande usio wake. Akainyoosha ndege taratibu, akapanda tena. Hakuondoa macho kwenye saa za ndege hadi magurudumu yalipogusa lami.

Wageni walipokwisha kushuka, Naliaka alibaki kando ya ngazi.

"Sitakuripoti," alisema. "Lakini mimi nauguza watu. Mara ya mwisho ulilala kwako ni lini?"

Mutunga alijaribu kukumbuka, akashindwa. Aliona aibu kulia mbele ya mwanamke asiyemjua, kwa hivyo akageuka akajifanya anakagua gurudumu.

Kutoka hapo alienda moja kwa moja kwa Gakuru na kumweleza bila kuficha. Gakuru akajikuna shingo.

"Pole, Kapteni. Lakini nielewe. Ile ya zamani ikikaa chini, ilikuwa inakaa tu. Sikudaiwa. Hii ikikaa chini siku moja, mimi ndio nakaliwa na benki. Tabaini ni bei rahisi kama inaruka kila siku. Ikiruka nusu, hakuna kitu ghali kama hiyo dunia mzima."

"Basi tafuta rubani wa pili."

"Mshahara wake utoke wapi?"

"Hiyo sijui," Mutunga alisema. "Najua kesho siruki."

Alienda nyumbani, akavua viatu, akalala na suruali ya kazi.

Kesho yake Gakuru alifika Kitengela mwenyewe, uso umejaa vumbi la barabarani, maana wageni wa Amboseli walikuwa wakingoja. Phylis alimkaribisha kwa heshima, akamwekea chai, lakini Gakuru alipoomba Mutunga aamshwe, Phylis alitikisa kichwa.

"Analala. Mimi simwamshi."

Gakuru aliketi. Alipiga simu, akakata, akapiga tena. Kutoka chumbani alisikia mtu akikoroma kama trekta. Saa sita ikafika, na mkoromo ulikuwa ule ule. Alipoaga, alimwambia Phylis kwa unyonge kwamba amefahamu.

Akaajiriwa Lesiamon, kijana wa Kajiado aliyetoka kumaliza masomo ya urubani, na mshahara wa Mutunga ukapunguzwa ili wagawane. Mutunga hakulalamika. Wala mpango huo haukudumu. Mwaka wa 2003 wageni walikauka kwa hofu ya ugaidi, ndege ikakaa chini wiki baada ya wiki, na benki haikutaka kujua ni kwa nini. Ikaichukua ndege. Lesiamon akapata kazi kwingine. Gakuru akaachwa na ile kuukuu ya pistoni, iliyokuwa imefunikwa turubai nyuma ya banda la ndege. Haikudaiwa na mtu.

Ouma aliifufua. Mutunga aliirusha miaka mingine, safari mbili au tatu kwa wiki, huku petroli yake ikizidi kuwa ghali na adimu, hadi viwanja vingi vikaacha kuiuza. Usingizi aliupata, ila uchovu haukumtoka. Ulikuwa umehamia mahali ambapo usingizi haukufika.

Mwaka wa 2007 Gakuru alipata mnunuzi. Mutunga aliipaki kwa mara ya mwisho, akamkabidhi Gakuru funguo.

"Umechoka, Kapteni?" Gakuru aliuliza.

"Tangu tisini na nane," Mutunga akajibu.

Gakuru naye alikuwa amezeeka. Alimshika mkono, hakuuachilia upesi, kisha wakatembea pamoja hadi getini, polepole, kila mmoja akimngoja mwenzake.